Begi la Kapteni Wendell

Zanesville, Ohio
Jumapili

Kaka Wendell,

Pokea salamu zangu, japo hustahili. Natumaini mgongo umepoa na wifi Trudy hajambo. Mimi ni mzima, ila kwa hasira uliyonitia hata chakula hakipiti.

Umeniuliza kama usaili wako ulikwenda vizuri. Usaili! Hebu ngoja nicheke kwanza.

Miaka yote hii umenisimanga. Tangu niache shirika la abiria nikaja kurusha hizi ndege ambazo matajiri hununua kwa vipande, kila mmoja na hisa yake, huyu robo, yule moja ya kumi na sita, kila sikukuu ya Shukrani, bata mzinga yuko mezani, unawaambia watoto kwamba shangazi yao ni boi wa matajiri, anabeba masanduku na kutembeza mbwa wao. Ni kweli, nabeba. Barafu naijaza mimi, choo nakisafisha mimi, na mwenye kipande chake kimoja huringa kana kwamba kanunua mbingu. Nawadharau vilevile. Lakini narusha.

Sasa umri umekubana. Ukitimiza sitini na tano sheria inakukataza kurusha hizo ndege zako za abiria, lakini huku kwetu bado unaruhusiwa. Ghafla uboi umekuwa mtamu, ukaomba kazi kwetu! Tena Trudy kaniambia huli, siku za mapumziko unashinda gereji peke yako umevaa kofia ya kazi.

Basi sikiliza. Yule mzee wa sweta aliyekuja kukuchukua hotelini si dereva. Ni Kapteni Pruitt, mkuu wa marubani wetu wote. Ndiyo desturi yetu: usaili huanzia garini, na mgeni haambiwi. Anasema ulimwachia begi lako chini, ukapanda, ukajikalia nyuma. Njiani ukamweleza kwamba wewe ni kapteni wa ndege ya watu mia tatu, hukuzaliwa kuwamiminia watu kahawa. Mlipofika ukamwuliza kama hilo begi litajileta lenyewe. Loo! Kiburi si maungwana, kaka.

Wasaili wote walikukataa. Kisha Pruitt akaniita, akaniuliza huyu Hostetler ni nani yangu. Nilitamani kusema simjui. Nikasema ni kaka yangu, kichwa chake kigumu kama jiwe, na ndiye aliyenifundisha kutua upepo ukivuma ubavuni, siku niliyokuwa nalia kwa woga na hakunicheka. Nikasema nitamchukua mimi, na akiharibu tufukuzwe wote wawili.

Wamekubali. Unaanza Machi, kiti cha kulia, rubani msaidizi. Kapteni wako ni mimi.

Usinishukuru, nitatapika. Nisalimie Trudy, mwambie akufundishe kumimina kahawa bila kuimwaga. Na siku hiyo begi lako ulibebe mwenyewe.

Na langu.

Mdogo wako,
Kapteni Lorna Hostetler