Siku Tatu Nje ya Mlango wa Mshauri

Kwako Mwende, dada yangu mdogo,

Habari za Mtito Andei? Nasikia bado unapika kwenye ule mkahawa wa madereva wa malori, na kwamba wanakuogopa kidogo. Siwashangai.

Mimi nimehamishiwa ofisi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa chuoni. Tumeambiwa tutafute kwa nini wengi wanaanguka bila kumwona hata mara moja mhadhiri aliyepewa kazi ya kuwashauri. Sikuiomba kazi hii. Lakini nilipoisoma karatasi ya maagizo nilikumbuka siku uliyorudi nyumbani Mukuyuni na sanduku lako, umeondolewa chuoni kwa kufeli kemia.

Mama alikuwa akipepeta ndengu. Nilikuuliza mbele yake kwa nini hukwenda kwa mshauri wako mapema akubadilishie masomo. Ukasema, "Nilienda. Nilikaa kwa benchi siku tatu. Nilikuwa nangoja aniite."

Nikacheka, Mwende. Nikasema, "Mtu wa chuo kikuu anashindwa kugonga mlango?" Mama hakucheka. Wewe uliinuka ukaenda kuteka maji, na tangu siku hiyo hujaniambia jambo lolote la maana.

Kazi yenyewe tuliianza vibaya. Tulibandika saa za mshauri kwenye kila mlango, kwa herufi kubwa kabisa. Wanafunzi walizisoma vizuri, kisha wakakaa kwenye benchi. Likizo ilipofika nikaamua kuwafuata makwao, niwasikilize wakiwa wametulia. Kwenye mji mdogo wa Kabati nilimkuta msichana mmoja na mama yake dukani kwao. Nilimwomba anichoree wiki yake ya kwanza chuoni, hatua kwa hatua. Alipofika kwenye mlango wa mshauri, kalamu ikasimama.

"Na hapo?" nikamuuliza.

"Hapo nilingoja."

Mama yake akanitazama kama mtu asiye na kwao. "Sasa ataingia aje kwa mzee na hajaitwa? Si tumemfunza adabu?"

Niliona aibu. Wewe nami tulifunzwa adabu hiyo hiyo, nyumba moja. Ni vile tu mimi niliisahau mapema.

Muhula huu tumejaribu njia nyingine. Mshauri anatoka nje na orodha yake, anawaita wanafunzi mmoja mmoja kwa jina. Mzee mmoja wa hesabu alinung'unika, "Kwani mimi ni karani wa hospitali?" Lakini alitoka. Siku ya kwanza benchi zilikuwa tupu kabla ya chakula cha mchana, na kuna waliobadilisha masomo wakati nafasi bado zipo. Wakubwa wananisifu. Nawaitikia tu, maana roho haijatulia.

Nimewauliza watoto wa watu maswali hadi madaftari yakajaa, na wewe sijakuuliza hata moja. Nilikukosea siku ile, na nimekukosea zaidi kwa miaka yote niliyonyamaza baadaye. Nisamehe. Ukinijibu, nitasoma kila neno na sitatia langu.

Najua kemia hukuitaka. Hadi leo sijui ulitaka kuomba nini kwa yule mhadhiri. Mwende, ulitaka kusoma nini?

Nakusalimu kwa upendo,
Kaka yako