Marashi Ndani ya Kabati la Mashine

Majengo, Mombasa

Kaka Mwakio,

Natumai mko wazima hapo Wundanyi, na mguu wa mama umepoa. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haipo sawa, na aliyeiharibu ni wewe. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kama kawaida yako.

Ile mashine kuukuu ya kuchonga vyuma, inayoendeshwa kwa kompyuta, ilikataa kuwaka Jumatatu. Siku moja kabla, Jumapili, tajiri wangu, Bwana Athmani, alisomesha dua ya kuombea karakana baraka. Nilipotoka kanisani nilipitia, nikawakuta jamaa zake wa Mji wa Kale wanakula halua, na mamake, Bi Rukia, anazunguka na mrashi akitunyunyizia sote marashi ya waridi. Asubuhi nabonyeza swichi, hakuna taa, hakuna feni, kioo cheusi tititi. Sijashika hata bisibisi, Athmani ananiambia, "Wewe ndiye uliyeizima Jumamosi. Umeifanya nini?"

Unajua maana ya hilo. Nikifukuzwa kwa kuua mashine, hakuna karakana kisiwani itakayonipa hata spana nishike, tena mwanamke.

Ndipo akakupigia wewe, uliyeniombea kazi. Aliweka sauti ya juu, mafundi wote wanasikia. Nilisimama nikingoja unitetee. Ukacheka. Ukasema, "Huyo tangu mdogo akigusa kitu hakiponi. Mkazanie tu, atasema." Ati mkazanie. Umenivua nguo mbele ya watu, Mwakio, na wengine mpaka leo wananiita Hakiponi.

Sikulia. Nilichukua mita nikaanza ukutani. Umeme unafika, nyaya zote tatu. Fyuzi nzima. Kitufe chekundu cha dharura hakijakwama. Nikafika kwenye kisanduku kinachogawa umeme mdogo wa kuamsha kompyuta, kimekufa. Athmani akasema si unaona, umekiunguza. Nikachomoa nyaya zote zinazotoka humo, kikawaka. Basi kisanduku hakina ugonjwa, kuna kitu mbele yake kinakivuta mpaka kinajizima. Nikarudisha waya mmoja mmoja na Athmani yuko mgongoni kwangu anasonya, hadi mmoja ukakizima. Nikaufuata mpaka kwenye kadi ndogo ya umeme, chini kabisa ndani ya kabati la mashine. Nilipoichomoa ilikuwa na unyevu, imeota ukijani, na inanukia waridi.

Mrashi siku ile ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja tu. Bi Rukia ndiye pekee hapa anayeniita mwanangu, na kila Ijumaa hutuletea chakula, sahani yangu akaifunika kando nisije nikakosa. Ningemtaja vipi mbele ya wanaume wale? Nikasema ni unyevu wa bahari. Nikaisafisha kadi kwa spiriti, nikaianika mbele ya feni, nikairudisha, na mashine ikawaka.

Nilidhani yameisha. Athmani akasema, "Naam, unyevu. Na kabati nani aliliacha wazi kama si wewe? Mwisho wa mwezi utafute kwengine." Nilinyamaza kwa ajili ya mamake, na yeye ananifukuza.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, ya tano tangu nianze kutafuta. Bi Rukia akaingia na sufuria yake, akaisikia mashine inanguruma. "Imewaka? Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi, wanangu. Mimi nilikifungua kile kijumba chake nikarashia ndani, baraka ifike. Jioni ile ile nikamwambia Athmani, yamkini nimekosea."

Jioni ile ile, Mwakio. Kabla ya Jumatatu, kabla hajakupigia. Athmani alijua siku zote hizo nilizolala chini ya mashine yake nikitafuta. Nilimtazama, akatazama sakafu. Baadaye akaja kuniambia nisiende popote, kazi ni yangu. Nimebaki kwa sababu nahitaji kula. Nazungumza naye ya kazi tu, hata chai yake sinywi.

Msalimie mama, umwambie dawa ya kuchua nitamtumia na basi la kesho kutoka Mwembe Tayari. Msalimie wifi Mghoi, mkeo, na shangazi Mkamburi wa sokoni, ambaye najua atakuomba umsomee barua hii. Msomee yote.

Athmani alinisingizia ili amsitiri mamake. Namchukia, lakini sababu yake naijua. Wewe ulikuwa unamsitiri nani?

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Wakesho