Kipima Mwanga cha Babu Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi. Sie huku Manzese wazima. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kiume, mzuri, kanifanana mie.

Umeniuliza kama marehemu mama yako aliijua hiyo seleniamu unayoisomea, inayopitisha umeme ikipata mwanga na kuugomea gizani. Aliijua sana! Kwa akili, mwanangu yule hakuwa na mfano Manzese nzima, na sisemi kwa kuwa nimemzaa.

Babu yako mpiga picha alipofariki, nilikaa eda mapazia nimeyafunga, chakula sikitaki. Mama yako akaingia na kipima mwanga cha babu yako, ambacho ndani kina seleniamu. Akafunua pazia kidogo, mshale ukapanda.

"Umeona, mama? Hakijafa. Kilikosa mwanga tu."

"Funga huko, mjuaji wee!"

Akafunga. Hakubishana. Akakaa nami kwenye kiza mpaka mwenyewe nikamwambia, "Haya, fungua."

Tangu tumzike mama yako, sina wa kumwambia fungua. Kila asubuhi nafungua mwenyewe, mkono mzito, nikijiuliza wewe huko nani anakufungulia.

Ni mie bibi yako, nikupendaye.