Mgombea Aliyekuja Siku ya Zamu Yangu ya Maji

Mjukuu wangu Elirehema,

Marahaba. Bibi yako mzima, na ng'ombe amezaa dume tena, kama kunikomoa.

Unasema mgombea urais wa kwanza wa Tanganyika amekushika mkono huko Dar es Salaam, na bado hujui umpe nani kura. Hata mimi niliwahi kushikwa mkono.

Enzi za Mjerumani, boma lilitaka jumbe mpya huku mlimani, tukaambiwa tusimame nyuma ya tunayemtaka. Walikuwa wawili, nami sikuwa nimeamua. Mmoja akanifuata shambani asubuhi ya zamu yangu ya mfereji, kiangazi, migomba imenyauka.

"Ndugu yangu, nikiwa jumbe hutakosa maji!"

"Basi niachie mkono nikayafungulie."

"Ngoja, sijamaliza!"

Akaniahidi maji mpaka jirani akaja na jembe, akayageuzia kwake. Zamu yangu ikawa imekwisha.

Yule wa pili hakuja kwangu kabisa. Nikasimama nyuma yake. Hakuwa malaika, lakini hakunikaushia mgomba.

Huyo wako, alikuuliza ulikuwa unakwenda wapi?

Naishia hapa. Leo maji ni yangu, na naona mtu wa kampeni anapanda kilima. Nimemwambia bibi yako aseme sipo.

Babu yako