Makapi Yalianguka Wima

Jumamosi, usiku

Mchana sikuona kitu, maana kioo cha kamera hii ya bei rahisi ni kidogo kama kiberiti. Nilimwona mama tu akipepeta ulezi, mawingu yakielea nyuma yake.

Jioni nikahamishia video kwenye kishikwambi. Ilipokuwa kubwa ilipendeza kama ndoto. Ndipo nikaona mkono wake wa kulia unatetemeka.

Nikamwita aone. Akacheka. "We mtoto, unataka kunizeesha! Upepo ule ulikuwa na baridi."

Sasa amelala, nami nairudia peke yangu. Ungo unapanda, makapi yanaanguka wima miguuni pake. Hapakuwa na upepo wowote.

Naogopa. Kesho tukitoka misa nitamwonyesha tena, safari hii makapi, siyo mkono.