Wote Wawili Walikuta Sifuri

Musinzira, Gitega

Dada Konsolata mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwangu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Unamkumbuka Baba Furaha, Mkongo wa Kivu ninayefanya naye kazi kwenye karakana ya mashine za kukoboa mahindi? Wiki mbili zilizopita mashine ilimkata vidole vya mkono wa kulia. Bosi akasema kabonyeza kitufe mwenyewe kwa uzembe. Lakini yeye aliniambia, "Mi sikugusa kitu. Mfuniko ulifunguka, mashine iko kimya, ndiyo nikatia mkono. We unajua kompyuta, uwaambie."

Dada, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika dreva, programu ya ndani kabisa inayoamrisha mashine. Humo kuna alama tunayoiita bendera: ikiwa sifuri, mashine iko huru; ikiwa moja, imeshikwa. Sehemu ya kufungua mfuniko huiangalia kwanza, ikikuta sifuri huandika moja. Sehemu ya kuzungusha mota hufanya vilevile. Siku ile ziliangalia kwa pamoja, kabla yoyote haijaandika, zote zikakuta sifuri: mfuniko ukafunguka, na mota ikazunguka. Kuangalia na kuandika kulipaswa kuwa tendo moja lisiloingiliwa. Mimi niliacha yawe mawili.

Ni kama shamba letu tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania. Baba alilikagua, akakuta halina mtu, akaenda kutafuta miche ya miyenzi ya kupanda mpakani. Kurudi, jirani ameshalima nusu.

Nilijua tangu siku ya tatu. Nikajiambia nijaribu kwanza nipate uhakika, kumbe ni woga tu. Nikiwa bado najaribu, Baba Furaha akapewa karatasi ya kukiri uzembe. Akatia dole gumba la kushoto, la kulia halipo tena, akafukuzwa.

Leo nimemwambia bosi ukweli. Amesema nirekebishe, ninyamaze. Nimerekebisha, kunyamaza nimekataa. Kesho naenda Giheta anakokaa Baba Furaha, nikamwambie mbele ya mke wake. Mama asishangae akiniona huko nyumbani Giteranyi na mizigo yangu yote.

Msalimie shemeji na watoto. Na umsalimie jirani yetu wa shamba, yule ambaye marehemu Baba alimwita mwizi mpaka anaingia kaburini. Mwambie miaka yote hii nilikataa kumwamkia, na naomba anisamehe. Naye alikuta hakuna mtu.

Mdogo wako,
Nestori