Ng'ambo ya Waturuki

Kibarani, Kilifi
Mfungo Nne

Kwa Mama mkwe wangu, Bi Mwanamina,

Shikamoo, Mama. Natumai barua hii itakukuta huko Malindi u mzima, na miguu imepunguza kuvimba. Sisi tunamshukuru Mungu, maji ya mfereji yamerudi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami nisingeweza kuanza tena.

Mama, kile kitabu cha Uthman sitakusomea tena, kile alichoachiwa na mtalii alipokuwa akiwatembeza wageni magofuni Gede. Wewe ulimpenda yule mzungu wa zamani aliyekiandika, na safari zake katika nchi za Waturuki na Wagiriki. Mimi alinichosha. Anakaribishwa kila nyumba, anakula samli ya watu, kisha anaandika habari za viroboto wao. Lakini Uthman alimwamini. Alinionyesha pale panaposema kwamba kutoka pwani ya Waturuki kisiwa cha Wagiriki kinaonekana kwa macho, na wakulima huvuka asubuhi na tini zao, wakarudi adhuhuri. Nilimwambia mzungu huyo alikuwa na hati ya ruhusa ya Sultani. Akacheka, akaenda huko Uturuki ili avuke.

Simu yake ilipozimika, wewe ulishika ukurasa wa mabaharia waliookolewa na wachungaji, wakafichwa milimani hadi kiangazi bila kupeleka salamu kwao. Ukasema mwanao naye yuko kwenye nyumba kama hiyo. Ukanikataza kujiweka kama mjane, kwamba ningemchuria kifo. Nikakutii, na kwa kweli nilitaka kukutii. Idi nilitia hina.

Juzi alikuja bwana mmoja wa Ganze, Nzai, aliyepanda mashua moja na Uthman. Alikataa kiti, akakaa mkekani. Alisema ilikuwa mashua ya mpira, imejaa kupita kiasi, ikapinduka mwezi wa Rajabu kwenye baridi kali, taa za kisiwa zikiwa mbele yao. Simu zote zilizama. Yeye alizuiliwa kambini hadi aliporudishwa nchini.

Mama, Uthman amefariki. Nzai alimtambua ufukweni kwa lile kovu la kwenye nyusi. Msyria mmoja alimsalia, wakamzika huko huko. Nilimuuliza tena na tena, na jibu halikubadilika.

Nilivua bangili, nikaenda kwa sheikh kuuliza eda ya kukaa ndani nianze lini. Alinipa pole, akanieleza kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi imeshapita. Sina eda, Mama. Iliisha nikiwa nanukia udi, nacheka na watu harusini, na mume wangu yumo kaburini. Sheikh amesema sina dhambi. Amesema nikitaka naweza kuolewa.

Nakuomba unipokee nije nikae ndani kwako, mlango ufungwe, hata kama haihesabiwi. Nimeumia sana, na sina pengine pa kulilia.

Majirani wape salamu zangu, na habari hii uwape wewe, mimi siwezi. Mungu akutie nguvu.

Mkaza mwanao,
Raiya, mjane wa Uthman